Fizio Anayependa Kukimbia: Jinsi ya Kusoma Wasifu wa Mtaalamu wa Fiziotherapia

Wasifu wa mtaalamu wa fiziotherapia una sura ileile karibu kila mahali. Juu kuna shahada, leseni na orodha ya kozi. Chini, kama nafasi imebaki, kuna mstari mmoja au miwili ya mambo anayoyapenda nje ya kazi: mbio, kuogelea, kunyanyua vyuma, bustani. Mgonjwa huisoma sehemu ya juu kwa heshima na ya chini kwa tabasamu, halafu anapiga simu kuomba miadi. Sisi tulio ndani ya kazi hii tunasoma kwa mpangilio mwingine. Shahada inatuambia kwamba mtu huyu hatakudhuru kwa kutojua. Mbio zake zinatuambia atakuuliza nini kwanza, atakupa zoezi gani, na ni wapi jicho lake litapita bila kuona.

Tuanze na shahada, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Katika nchi nyingi fizio huanza kazi akiwa na shahada ya kwanza ya miaka 3 au 4. Marekani wamekwenda njia nyingine: huko mtu humaliza kwanza shahada ya kawaida, kisha husoma takriban miaka 3 zaidi kupata DPT, yaani udaktari wa fiziotherapia, ndipo afanye mtihani wa leseni. Kwa hiyo "Dk." mbele ya jina la fizio aliyesomea Marekani haimaanishi kwamba ni daktari wa tiba, wala haimaanishi kwamba amemzidi ujuzi mwenzake wa Uingereza mwenye shahada moja na miaka 15 ya wodini. Ni mifumo miwili ya kuwafikisha watu kwenye kazi ileile. Kitu cha kukagua hasa ni leseni. Uingereza, kwa mfano, jina la fizio lazima liwe kwenye daftari la HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na daftari hilo mtu yeyote anaweza kulipekua. Kama nchi yako ina baraza au bodi yenye daftari la namna hiyo, dakika mbili za kulitazama zina faida kuliko cheti chenye fremu ukutani.

Darasani husomwa anatomia, fiziolojia, mwendo wa mwili na magonjwa, lakini mtu hupikwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Chama cha wafiziotherapia cha Uingereza, CSP, kinataka mwanafunzi apate saa 1,000 za kazi na wagonjwa kabla ya kumaliza. Saa hizo hugawanywa kwenye mifupa na viungo, mishipa ya fahamu, mapafu na moyo, wazee, watoto. Ukitaka kujua kwa nini mgawanyo huo una maana, tazama jambo dogo: kumsimamisha mgonjwa kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji. Fizio aliyepita wodini hamnyanyui moja kwa moja kutoka kulala. Humgeuza ubavu, humkalisha ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu, humpa muda, humwangalia uso, hupima shinikizo la damu, ndipo amsimamishe na kupima tena. Shinikizo la juu likishuka kwa 20 au la chini kwa 10 ndani ya dakika 3 za kusimama, mgonjwa huyo bado hajawa tayari kwa korido. Aliyezoea kliniki ya wanamichezo tu huisahau hatua hii, kwa sababu wagonjwa wake wote huingia wakitembea.

Wodini pia ndiko mtu anakojifunza kutomvuta mgonjwa wa kiharusi kwa mkono. Misuli inayoshikilia bega ikilegea, kichwa cha mfupa wa mkono huteremka kwenye tundu lake, na kuvutwa mara moja tu wakati wa kugeuzwa kitandani kunaweza kuacha maumivu ya miezi. Mkono huo hubebwa kutoka chini, kiganja kimoja kikiwa nyuma ya kombe la bega na kingine kikishika kiwiko. Ndugu wanaomuuguza nyumbani wanapaswa kuonyeshwa hili siku ya kwanza. Mara nyingi wanaonyeshwa siku ya kuruhusiwa, wakiwa tayari na mizigo mkononi.

Baada ya shahada zinafuata herufi, na hapa inabidi kuwa mkali kidogo. Kuna herufi za jasho na kuna herufi za wikendi. Marekani, bodi ya ABPTS hutoa vyeti vya ubingwa kama OCS wa mifupa na viungo, NCS wa mishipa ya fahamu, PCS wa watoto, GCS wa wazee na SCS wa michezo. Mtu hukaa mtihani baada ya saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa wa fani hiyo, au baada ya kupita mafunzo maalumu ya ubingwa. Upande mwingine kuna vyeti vya siku mbili vya kubandika tepu za rangi, kuchoma sindano kavu (zisizo na dawa) au kuweka vikombe vya kunyonya ngozi. Si kwamba kozi hizo ni haramu. Zinafundisha mbinu moja, na mbinu moja hugeuka haraka kuwa jibu la kila kitu. Ukiona herufi nane nyuma ya jina na zote ni za mbinu, hapo umepewa orodha ya vifaa vyake. Uzoefu wake utauulizia mwenyewe.

Swali zuri kuliko herufi ni hili: katika miaka mitatu iliyopita, wagonjwa wako wengi walikuwa na shida gani? Kwa mgongo wa kawaida, goti la kawaida au bega la kawaida, fizio yeyote makini anatosha. Kuna mahali asipotosha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mtu wa watoto. Mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua anahitaji mtu aliyesomea misuli ya sakafu ya nyonga, si karatasi yenye maneno "bana na uachie" bila kukaguliwa kama anabana misuli sahihi. Na mtu anayeona dunia inazunguka kwa sekunde chache kila anapojigeuza kitandani mara nyingi ana chembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio. Anayejua humlaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa nyuzi 45, huangalia macho yanavyotetema, kisha humgeuza kichwa na mwili kwa hatua za Epley ili chembe zirudi mahali pake, akingoja nusu dakika hadi dakika nzima katika kila mkao. Asiyejua atakanda shingo wiki sita.

Sasa mstari wa chini.

Fizio anayekimbia hujitambulisha kwa maswali yake. Kabla hujamaliza kusema "kisigino", atakuwa ameuliza unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, ni nini kilibadilika katika wiki sita zilizopita, viatu vina umri gani, na kama umeongeza milima au mbio za kasi. Maswali hayo ni mazuri kwa sababu majeraha mengi ya wakimbiaji huja na ongezeko la mzigo kuliko na ajali. Anajua pia kwamba kano haipendi mapumziko marefu. Kano ya kisigino iliyochoka hukakamaa asubuhi, hulegea ukitembea, halafu hulipiza usiku au kesho yake. Ukiipumzisha mwezi mzima maumivu yatapungua na uwezo wake wa kubeba nao utapungua, kwa hiyo siku utakayorudi barabarani utaumia kwa mzigo mdogo kuliko wa mwanzo.

Kipimo chake huwa rahisi: simama kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta kwa ajili ya usawa tu, inua kisigino hadi mwisho, shusha, rudia. Macho ya fizio hayako kwenye idadi peke yake. Anatazama kama kisigino kinafika juu ileile kwa marudio ya 12 kama kilivyofika kwa la kwanza, kama goti linaanza kukunja kwa siri ili paja lisaidie kigimbi, kama mwili unaegemea mbele ili ukuta ubebe kazi. Mguu mzuri ukifanya 25 safi na mbovu 14, hapo kuna namba ya kufanyia kazi. Zoezi lililozoeleka ni la kushusha kisigino ukingoni mwa ngazi: panda kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu mbovu hadi kisigino kipite chini ya ngazi, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka na seti 3 za mara 15 goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, wiki 12. Hesabu inafika 180 kwa siku, na ndiyo maana wengi huacha wiki ya tatu. Wanaoacha si wavivu. Hawakuambiwa kwamba maumivu ya 3 hadi 4 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika mradi yametulia kufikia kesho asubuhi, wala hawakuambiwa kwamba zoezi likishakuwa jepesi wanapaswa kuvaa begi lenye uzito. Na kama maumivu yako pale pale kano inapojishika kwenye mfupa wa kisigino, kushuka chini ya ngazi huigandamiza kano dhidi ya mfupa na kuizidishia hasira. Huyo afanyie sakafuni.

Mkimbiaji anajua pia kucheza na hatua. Goti likiuma mbele, kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo kwenye goti, kwa sababu hatua inakuwa fupi na mguu unatua karibu na mwili. Aliye na hatua 160 aende 168 hadi 176. Kosa la kila siku ni mtu kuongeza hatua na mwendo kwa pamoja, akamaliza mazoezi amekimbia kasi zaidi na goti limevimba. Mwendo ubaki uleule. Mlio wa kuhesabia hatua uwekwe kwenye simu, dakika moja kwa kuufuata na dakika kadhaa bila.

Na udhaifu wa fizio huyu uko wapi? Anaamini kila mtu anataka kukimbia tena. Mzee wa miaka 74 anayeshindwa kuinuka kwenye kiti cha choo hana shida na hatua 176. Kwake kipimo ni kukaa kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, na kuhesabu anainuka mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kingine: ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, sekunde 12 au zaidi ni ishara ya kuangalia hatari ya kuanguka. Fizio mkimbiaji hukipima kipimo hiki upesi na kuandika "mazoezi ya usawa". Aliyelea wazee atakuuliza kuhusu taa ya usiku, zulia linalojikunja, dawa za presha na viatu visivyo na kisigino cha nyuma.

Anayenyanyua vyuma ndiye tunayemtetea zaidi, kwa sababu ugonjwa mkubwa wa kazi yetu ni kutoa mazoezi mepesi mno. Tembelea kliniki yoyote utaona mkanda wa mpira wa mazoezi wa rangi ileile, seti 3 za mara 10, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Misuli haipati nguvu kwa hisani. Anayeanza anahitaji uzito wa takriban asilimia 60 hadi 70 ya ule anaoweza kuunyanyua mara moja tu, marudio 8 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki kwa kila kundi la misuli. Kliniki nyingi hazipimi uzito wa mara moja, na si lazima. Mgonjwa akimaliza marudio ya 10 muulize: ungeweza mengine mangapi? Akisema 2 au 3, uzito unafaa. Akisema 10, hapo alikuwa anapasha mwili moto. Fizio wa vyuma huuliza swali hilo bila kufikiri kwa sababu hujiuliza mwenyewe kila jioni. Hali kadhalika hatamrudisha mchezaji uwanjani kwa kuangalia kalenda peke yake baada ya upasuaji wa ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti: atataka isipungue miezi 9, na mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka.

Ila naye ana mahali pa kujikwaa. Bega lililoganda, likiwa kwenye kipindi chake cha maumivu makali, halitaki vyuma wala kusukumwa hadi mwisho. Linataka mwendo mdogo usiochokoza, usingizi, na mara nyingi sindano ya daktari. Ukilisukuma kwa nia njema litakukomoa. Dalili ya kulitambua ni kwamba hata fizio akiuzungusha mkono mwenyewe, mgonjwa akiwa amelegea, kuugeuza kwa nje kunakwama. Bega lenye udhaifu wa misuli tu huwa halikwami namna hiyo.

Mchezaji wa dansi na mwalimu wa yoga aliyegeuka fizio huona ukakamavu kila mahali. Huyu mchunguze kwa swali la nyuma ya paja. Mtu anasema misuli ya nyuma ya paja inabana, anaelekezwa kunyoosha, ananyoosha mwezi, na kubana kunazidi. Mara nyingi kinachovutwa pale ni neva kubwa inayoteremka kutoka kiunoni. Namna ya kutofautisha haihitaji mashine: kaa ukingoni mwa kitanda, jikunje mgongo na kuinamisha kichwa, nyoosha goti hadi ubano uanze, kisha inua kichwa utazame mbele bila kusogeza mguu. Msuli wa paja hauna habari na shingo. Ubano ukilegea kwa kuinua kichwa, kuna neva inayolalamika, na kuivuta kila asubuhi kwa sekunde 30 ni kuichokoza. Vilevile wapo watu ambao viungo vyao vimelegea kwa kuzaliwa: dole gumba linagusa mkono wa mbele, kiwiko kinapinda kwa nyuma. Hao huhisi wamebana kwa sababu misuli inafanya kazi ya ziada kushikilia viungo. Wanahitaji nguvu na udhibiti. Kunyooshwa zaidi ni kuwaongezea tatizo.

Kuhusu waogeleaji, faida yao kubwa ni kwamba hawaogopi maji kama sehemu ya tiba. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, theluthi hivi. Yakifika shingoni, asilimia 10 tu. Mtu ambaye daktari amemruhusu kubeba nusu ya uzito anaweza kutembea majini kwa mwendo wa kawaida wiki kadhaa kabla ya kutembea hivyo nchi kavu. Kidonda kiwe kimefunga kabisa, na mwenye kifafa kisichodhibitiwa asiingie. Tatizo huja pale tiba inapobaki majini kwa sababu inapendeza: wiki ya nane mgonjwa anatembea vizuri mno kwenye maji ya kifua, na ngazi za nyumbani bado zinamshinda, kwani hakuna aliyepunguza kina.

Wapanda majabali na wapiga gitaa tunawataja kwa sababu tofauti: vidole vyao. Kazi hii inakula dole gumba na kiuno cha anayeifanya. Mtu akikandamiza migongo ya watu kwa ncha za madole gumba saa 6 kwa siku, kisha jioni akaning'inia ukutani kwa vidole, anatumia akaunti moja kulipa madeni mawili. Kinga yake ni ya kiufundi. Dole gumba linyooke, kiungo kisipinde kwa nyuma, na nguvu itoke kwenye uzito wa mwili ukiegemea, si kwenye kukaza kidole. Pale panapowezekana, tumia kifupa kidogo kilicho chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, au kiwiko, na uache madole gumba kwa kupapasa tu. Kitanda kipandishwe hadi kufikia usawa wa katikati ya paja au nyonga la anayetibu, kulingana na mbinu. Wengi hawafanyi hivyo, na sababu ni ndogo kiasi cha kuchekesha: pedali ya kitanda ni ya polepole, na mgonjwa wa awali alikuwa mzee aliyehitaji kitanda kishuke. Kumhamisha mgonjwa mzito kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kunahitaji mkanda wa kumshikia kiunoni, kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, breki za magurudumu zifungwe, na watu wawili. Fizio anayejivuna kwamba huwahamisha peke yake, mtazame tena akifika miaka 45.

Tukirudi kwenye chumba cha matibabu, kuna kitu kimoja kinachounganisha mtu wa shahada na mtu wa mbio, nacho ni kipimo kinachorudiwa. Chukua goti lililobadilishwa. Mgonjwa amelala chali. Goniomita, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili, huwekwa ubavuni mwa goti: mhimili kwenye kinundu cha nje cha mfupa wa paja, mkono usiosogea ukielekea kwenye kinundu kikubwa cha nyonga, unaosogea ukielekea kwenye kifundo cha nje cha mguu. Kisigino huteleza kuelekea makalio, na namba husomwa jicho likiwa usawa wa rula. Suruali nene, mhimili uliohama sentimita mbili, au nyonga iliyoinuka kwenye godoro, kila kimoja huiba nyuzi kadhaa. Ndiyo maana tofauti ya nyuzi 5 kati ya wapimaji wawili si habari. Kuongezeka kutoka 75 hadi 95 ni habari kubwa: kutembea tambarare huhitaji goti likunje nyuzi 60 hivi, ngazi 90 hivi, na kuinuka kwenye kiti kifupi hupita 100.

Watu wote hushangilia kukunja. Fizio mzoefu huhangaikia kunyoosha. Goti linalobaki na nyuzi 10 za kukunja humfanya mtu achechemee na misuli ya mbele ya paja ichoke kabla ya wakati. Na mto laini chini ya goti, ule anaouweka ndugu kwa huruma usiku wa kwanza, ndio unaolifundisha goti kubaki limekunja. Uondolewe. Taulo iliyoviringishwa iwekwe chini ya kisigino, goti likiachwa hewani lishuke kwa uzito wake, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Inauma zaidi ya mto.

Kwa hiyo unapoingia kwa fizio mpya, sahau kidogo kuta na medali za mbio zilizotundikwa, utazame dakika 20 za mwanzo. Anapaswa kusikiliza kabla ya kugusa. Anapaswa kuuliza yale maswali yasiyohusu michezo: kama una ganzi kati ya mapaja, kama mkojo au choo kimebadilika, kama umepungua uzito bila sababu, kama umewahi kuugua saratani, kama una homa, kama maumivu ya usiku hayatulii kwa mkao wowote. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto baada ya safari ndefu au upasuaji, hutakiwi kukandwa. Unatakiwa kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda. Kifundo cha mguu kilichoteguka anapaswa kukibonyeza kwenye ukingo wa nyuma wa vinundu vyake viwili, cha ndani na cha nje, sentimita 6 za mwisho, na kwenye mfupa wa ubavu wa nje wa wayo na ule wa ndani ya upinde, kisha akuombe utembee hatua 4. Ukiumia kwenye mifupa hiyo au hatua 4 zikikushinda, picha ya eksirei kwanza. Fizio anayezijua kanuni hizi za Ottawa hatakupotezea wiki kwa mguu uliovunjika, hata kama wasifu wake unasema tu kwamba anapenda kufuga njiwa.

Halafu aandike namba: nyuzi, sekunde, marudio, kilo, mita. Kabla hujatoka akupe mazoezi mawili au matatu, si tisa, na akuone ukiyafanya. Miadi ijayo arudie vipimo vilevile kwa kiti kilekile. Kama baada ya wiki 4 hadi 6 za kufanya ulichoambiwa namba hazijasogea, aandike barua ya kukupeleka kwa mwingine, na barua hiyo iwe na vitu vinne: namba za siku ya kwanza, namba za leo, mazoezi na uzito uliotumika, na jambo moja mahususi analotaka liangaliwe, kwa mfano picha ya bega au kipimo cha neva. Barua inayosema "tafadhali msaidie zaidi mgonjwa huyu" humwanzisha mgonjwa upya kwenye foleni ya kwanza.